Barua 47 zenye nembo: Bodi ya Meno ya North Carolina ilipofika Mahakama ya Juu

Juu ya barua kulikuwa na nembo ya chombo cha serikali. Chini ya nembo, amri: sitisha shughuli zote zinazohesabika kuwa udaktari wa meno. Kisha onyo kwamba kufanya udaktari huo bila leseni ni kosa la jinai. Waliozipokea hawakukutwa na koleo la kung'olea magego wala sindano ya ganzi. Wengi walikuwa na kibanda katikati ya jengo la maduka, kiti cha kuegemea, taa ndogo na vipakiti vya jeli ya kung'arisha meno. Kuanzia mwaka 2006, Bodi ya Watahini wa Udaktari wa Meno ya jimbo la North Carolina, Marekani, ilituma barua za namna hii zisizopungua 47 kwa watoa huduma wasio madaktari na kwa watengenezaji wa bidhaa zao.

Barua hizo zilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na hukumu iliyotolewa tarehe 25 Februari 2015 inazigusa mpaka leo bodi za wauguzi, mawakili, wafamasia na vinyozi. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaweka wazi jambo ambalo kesi za madaktari bandia hulifunika. Bodi ya taaluma hushika mhuri wa dola kwa mikono ya watu wanaouza huduma ileile. Basi kati ya mhuri huo na mwananchi inabidi awepo mtu mwingine, asiyeuza kitu, mwenye uwezo wa kuisoma barua kabla haijatoka na kusema hapana.

Kibandani

Kung'arisha meno ni kemia. Peroksaidi ya haidrojeni hupenya kwenye enameli, lile gamba gumu la jino, na kuzivunja chembe za rangi zilizoachwa humo na chai, kahawa, tumbaku na miaka. Jino halichongwi wala halizibwi. Madhara yake yanajulikana: meno kushikwa na ganzi yakikutana na maji baridi, fizi kuwashwa au kubabuka jeli ikiwa kali au ikimwagika pembeni. Kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya muda mfupi. Nchini Marekani dawa hiyohiyo inauzwa dukani pamoja na miswaki, katika vipande laini vya kubandika menoni, na mnunuzi haulizwi cheti cha daktari.

Kwenye vibanda utaratibu ulikuwa hivi. Mteja anaketi. Mhudumu anamkabidhi trei ya plastiki yenye jeli, na mteja mwenyewe anaitia kinywani na kuiuma. Taa inasogezwa mbele ya midomo, dakika zinahesabiwa. Muda ukiisha anaitoa mwenyewe, anasukutua, anajitazama kwenye kioo. Mhudumu hatii kidole kinywani mwa mtu, na hilo lilifanywa kwa makusudi, maana mkono ukiingia kinywani sheria nayo inaingia.

(Msomaji wa Arusha au Moshi asidhani hii ndiyo dawa ya meno yaliyogeuka kahawia kwa maji yenye floridi nyingi. Rangi ile ilijengeka ndani ya enameli wakati jino lenyewe likiumbika utotoni, na shauri lake ni la daktari, si la kibanda.)

Wajumbe 8

Sheria ya North Carolina kuhusu udaktari wa meno ina mizizi ya mwaka 1879. Inaitaja Bodi kuwa ndicho chombo cha jimbo cha kusimamia taaluma hiyo. Kwenye karatasi basi Bodi ni serikali. Ukiangalia viti, picha inabadilika. Wajumbe ni 8. Sita lazima wawe madaktari wa meno wenye leseni na walio kazini, na wanachaguliwa na madaktari wenzao, katika uchaguzi unaoendeshwa na Bodi yenyewe. Wa saba ni mtaalamu wa usafi wa kinywa, anayechaguliwa na wenzake wa kada hiyo. Wa nane ni mwananchi wa kawaida, ambaye sheria inamwita mtumiaji wa huduma, na anateuliwa na gavana. Kila mmoja anakaa miaka 3, na haruhusiwi kupita vipindi viwili mfululizo. Hakuna utaratibu wowote wa kiongozi wa umma kumwondoa mjumbe aliyechaguliwa.

Katika miaka ya 1990 madaktari wa meno wa jimbo hilo walianza kung'arisha meno, na kazi ikawalipa vizuri. Katika wajumbe 10 waliokaa kwenye Bodi kipindi kinachohusika, 8 walikuwa wakipata fedha nzuri kwa huduma hiyo. Kufikia mwaka 2003 wakaja watu wa vibanda na saluni, na bei zao zilikuwa chini ya zile za kliniki. Haikupita muda madaktari wakaanza kuiandikia Bodi kulalamika.

Malalamiko hayo yanastahili kusomwa polepole na kila anayeijali taaluma hii, kwa kuwa yaliwekwa kwenye kumbukumbu za kesi na mahakama ikayapima. Ni machache tu yaliyotaja hatari kwa wateja. Mengi yalihusu bei: wale watu wanatoza kidogo.

Bodi ikafungua uchunguzi. Ukaongozwa na mjumbe ambaye ni daktari wa meno. Mtaalamu wa usafi wa kinywa hakushiriki. Mwananchi aliyeteuliwa na gavana hakushiriki. Yaani mtu mmoja pekee kati ya 8 aliyewekwa pale kwa ajili ya wenye meno yao, na sio wenye kliniki, alikuwa nje ya chumba wakati swali linalowahusu wenye meno likiamuliwa. Naliona hili kuwa zito kuliko barua zenyewe. Sheria ilikuwa imempa kiti, na bado kazi ikafanyika bila yeye. Uchunguzi ulipokwisha, ofisa mkuu wa uendeshaji wa Bodi alisema kwamba sasa Bodi inatoka kwenda kupigana vita na wasio madaktari.

Milango mitatu, na posta

Je, kung'arisha meno ni udaktari wa meno? Sheria ya jimbo haikutaja kung'arisha popote. Ilitaja kuondoa madoa na uchafu ulioganda kwenye meno ya binadamu, na Bodi ilishika hapo. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na mwanasheria makini angeweza kuitetea. Anaweza mwingine akajibu kwamba kuibadili rangi iliyo ndani ya jino si sawa na kukwangua uchafu ulio juu yake. Swali la namna hiyo, lenye pande mbili za kweli, ndilo linalohitaji mwamuzi.

Na waamuzi walikuwepo. Bodi ingeweza kwenda mahakama ya jimbo kuomba zuio la kudumu dhidi ya mtu anayefanya udaktari bila leseni. Hapo angeamua jaji. Ingeweza kumpelekea mwendesha mashtaka jalada la jinai. Hapo angepima mwendesha mashtaka. Ingeweza kutunga kanuni inayosema kwamba kung'arisha ni udaktari. Kanuni hiyo ingepita kwenye tume ya kupitia kanuni iliyoteuliwa na bunge la jimbo. Milango mitatu, na kila mlango una bawabu asiye daktari wa meno. Bodi ikapita dirishani, kwa posta.

Mwanzoni mwa 2007 iliishawishi bodi ya jimbo inayosimamia kazi za urembo iwaonye wenye saluni wasitoe huduma hiyo. Baadaye mwaka huohuo ikawaandikia wenye majengo ya maduka: vibanda vya kung'arisha meno vinavunja sheria, na ingefaa mfikirie kuwaondoa. Hii ya mwisho ndiyo iliyokata mzizi. Mwenye kibanda aliyepata barua angeweza kutafuta wakili na kubisha. Lakini meneja wa jengo la maduka hana sababu ya kugombana na chombo cha serikali kwa ajili ya mpangaji wa meta chache za sakafu. Anasoma neno "jinai", anaona nembo, mkataba wa kibanda hauongezwi. Kwa njia hiyo mwenye kibanda hapati nafasi ya kujitetea, na hakuna hukumu ambayo angeweza kuikatia rufaa.

Barua zilifanya kazi yake. Wasio madaktari waliacha kutoa huduma hiyo katika North Carolina.

Tume ya biashara yaingilia

Mwaka 2010 Tume ya Shirikisho ya Biashara, ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda ushindani sokoni, ilifungua shauri dhidi ya Bodi. Madai yalikuwa mepesi kueleza: washindani wamekaa pamoja wakawatoa washindani wengine sokoni, na kuvaa kofia ya serikali hakulibadili tendo hilo.

Bodi ilijitetea kwa njia mbili. Kwanza, sisi ni jimbo, na jimbo lina kinga dhidi ya sheria za ushindani za shirikisho. Pili, tulifanya kwa usalama wa umma. Jaji wa utawala wa Tume alizikataa, na Tume yenyewe ikamuunga mkono. Kuhusu usalama, Tume ilisema kuna ushahidi mwingi unaoonyesha kwamba kung'arisha meno kunakofanywa na wasio madaktari ni shughuli salama ya urembo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya kanda husika ikakubaliana na Tume, na Bodi ikaenda Mahakama ya Juu. Hoja zilisikilizwa Oktoba 2014.

Kinga iliyodaiwa ina historia ya zabibu kavu. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ilikubali mpango wa California wa kupunguza zabibu zinazopelekwa sokoni ili bei isianguke. Ilisema kwamba Bunge la shirikisho, lilipotunga sheria za ushindani, halikukusudia kulifunga jimbo lenyewe linapoamua sera zake. Mwaka 1980, katika kesi nyingine ya California, safari hii ya mvinyo, mahakama iliweka masharti mawili kwa watu binafsi wanaotaka kujificha chini ya kinga hiyo: jimbo liwe limeitamka wazi sera ya kuzuia ushindani, na jimbo liwe linawasimamia kwa vitendo. Sharti la pili ndilo lililoimaliza Bodi ya meno. Ilipoulizwa nani wa jimbo aliyeisimamia wakati ikiwaandikia wenye vibanda, haikudai hata kwamba alikuwepo. Tegemeo lake lote lilikuwa kwamba chombo cha serikali hakihitaji msimamizi.

Majaji 6 walikataa, 3 wakapinga. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kwamba bodi ambayo wengi wenye kauli ndani yake ni washiriki hai wa soko wanalolisimamia inahitaji usimamizi wa kweli wa jimbo ndipo ipate kinga. Usimamizi huo ukaelezwa: msimamizi apitie kiini cha uamuzi, asikague utaratibu tu. Awe na uwezo wa kuutengua au kuubadili. Uwezekano wa kusimamia hautoshi, lazima asimamie. Na yeye mwenyewe asiwe mshiriki wa soko hilo.

Katika hukumu hiyo mna wazo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa udaktari wa meno alisome kabla ya kuapa. Mahakama haikuwaita wajumbe wale wezi. Ilisema kwamba viwango vya maadili ya taaluma na masilahi binafsi ya kibiashara vinaweza kuchanganyika kwa namna ambayo hata mhusika mwenyewe ni vigumu kuipambanua. Nalisadiki hilo. Daktari aliyesoma miaka mingi, aliyewahi kuona fizi iliyobabuka, anapomwona kijana asiye na cheti akigawa jeli karibu na duka la viatu, anaumia kwa dhati. Wakati huohuo wateja wake wanapungua. Maumivu hayo mawili hukaa kifuani pamoja, na mwenye kifua hawezi kuyatenganisha. Ndiyo maana anahitajika mtu wa nje. Kuwatafuta madaktari wema zaidi hakuondoi tatizo, maana mwema naye ana kliniki ya kuendesha.

Jaji Samuel Alito, akiungwa mkono na Antonin Scalia na Clarence Thomas, alipinga, na hoja yake isipuuzwe. Bodi hii, alisema, imeundwa na sheria ya jimbo, imepewa kazi na jimbo, ni jimbo. Huenda imeundwa vibaya, lakini mahakama ya shirikisho haikupewa kazi ya kuzipa alama serikali za majimbo. Bodi za tiba na meno zimeendeshwa na wenye taaluma tangu karne ya 19. Kisha akauliza maswali ya mtu wa kazi: wengi wenye kauli ni wangapi? Mshiriki hai wa soko ni yupi? Daktari aliyejiuzulu kliniki kwa kipindi cha ujumbe je? Wakati wa kusikiliza hoja, Jaji Stephen Breyer naye alikuwa ameonyesha wasiwasi kwa mfano wa upasuaji wa ubongo: nani aamue anayefaa kuufanya, kama si wapasuaji wa ubongo wenyewe? Mwishowe Breyer alikuwa pamoja na walio wengi, na nadhani sababu inaonekana. Kuamua nani amefaulu mtihani wa upasuaji ni kazi ya wajuzi. Kumwandikia mwenye jengo amfukuze mpangaji haihitaji ujuzi wa meno hata kidogo.

Neno usalama

Niseme wazi kwamba sipiganii vibanda. Mtu wa Afrika Mashariki anayeijua hali ya huku hawezi kushangilia kila leseni inapovunjwa, kwa sababu ameona au amesikia kinachotokea leseni isipokuwepo. Mtoto wa miezi michache ana homa na anaharisha. Anayeitwa kumtazama anamfunua midomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi pale chonge linapojiandaa kuota, anatamka kwamba hayo ni meno ya nailoni, wengine husema ya plastiki, na yasipotolewa mtoto atakufa. Anayachokoa kwa kisu, wembe, au spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kinachotoka ni kichipukizi cha jino la kweli. Mtoto anabaki na jeraha, damu, hatari ya maambukizi, na baadaye meno ya ukubwani yaliyoharibika kabla hayajaota. Kuhara kwake, ambako kulihitaji maji ya chumvi na sukari na zahanati, kunaendelea.

Hapo sheria inayosema mtu asiguse kinywa bila leseni inaokoa maisha, na ningependa itekelezwe bila kusuasua. Lakini utekelezaji wake unasimama juu ya kuaminiwa. Mama yule anamwendea mchokoaji kwa kuwa yuko karibu, anamfahamu, bibi amemtaja kwa wema. Madaktari wa meno ni wachache na wengi wako mijini. Ili mama amwache mchokoaji, inabidi taaluma ikisema "hili ni hatari" aamini kwamba kweli ni hatari, na kwamba hakuna duka linalolindwa nyuma ya onyo. Neno usalama lina akiba yake katika masikio ya watu. Bodi ya North Carolina ilitoa kwenye akiba hiyo ili kulipia ugomvi wa bei, na akiba ikipungua hasara haimwangukii mwenye kibanda.

Ulaya ilipita njia nyingine juu ya jeli ileile. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 liliweka tarakimu: bidhaa yenye peroksaidi isiyozidi asilimia 0.1 iuzwe kwa yeyote. Inayozidi hapo hadi asilimia 6 iuzwe kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza ya kila awamu yafanywe na daktari au chini ya uangalizi wake, na asipewe aliye chini ya miaka 18. Nchini Uingereza, mwaka 2013, Mahakama Kuu iliamua kwamba kung'arisha meno ni udaktari wa meno, na General Dental Council, baraza linalosimamia taaluma ya meno nchini humo, imekuwa ikiwashtaki wanaofanya bila usajili. Ukitazama matokeo tu, Waingereza walifika palepale ambapo Bodi ya North Carolina ilitaka kufika. Njia ndiyo iliyotofautiana. Aliyeandika tarakimu alikuwa mtunga sheria, aliyetafsiri neno alikuwa jaji, na baraza linaloshtaki lina wajumbe 12, 6 wa fani ya meno na 6 wasio wa fani hiyo, wote wakiwa wameteuliwa. Juu ya baraza hilo kuna mamlaka nyingine inayokagua kazi yake. Mshtakiwa anaweza kusimama mbele ya hakimu akabisha.

Mtu asidhani pia kwamba hukumu ya 2015 ilifungua soko lote la Marekani. Mwaka huohuo, katika kesi ya Connecticut, mahakama nyingine ya rufaa ya shirikisho ilikubali jimbo limzuie asiye daktari kumsogezea mteja taa ya kung'arishia. Ilikwenda mbali hadi kusema kwamba hata kama shabaha ya jimbo ingekuwa kuwakinga madaktari wa meno na ushindani, Katiba haikatazi. Mimi siipendi sera ya namna hiyo. Lakini jimbo likiamua hivyo kwa mdomo wake, mpiga kura anajua mlango wa kubisha. Mwenye kibanda wa North Carolina hakuujua.

Kwetu, Kenya iligusa swali hili mapema. Sheria yake ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inazitaka taasisi za taaluma zenye kanuni zinazopunguza ushindani kuiomba Mamlaka ya Ushindani msamaha, na kueleza kwa nini kanuni hizo zinahitajika. Huyo ndiye msomaji wa nje ninayemzungumzia, na sheria ilimweka miaka 5 kabla ya hukumu ya Washington. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2017, madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi wako chini ya Baraza moja. Mchanganyiko wa kada unapunguza nguvu ya kikundi kimoja. Haujibu swali la barua zisizo kanuni wala hukumu: simu kwa mwenye nyumba, onyo linalopelekwa kwa halmashauri, tangazo kwa saluni kwamba huduma fulani ni marufuku wakati sheria iko kimya. Saluni za Dar es Salaam na Nairobi nazo zina jeli na taa hizo sasa. Siku malalamiko ya kwanza yatakapofika mezani, ningeshauri yapangwe mafungu mawili kabla ya jambo lingine lolote: yanayotaja mtu aliyeumia, na yanayotaja bei.

Oklahoma haikusubiri kushitakiwa. Mwaka 2015 gavana wake aliziagiza bodi zenye wajumbe walio sokoni zipeleke hatua zao zisizo za kikanuni kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo azipitie kwanza. Hatua hiyo ina gharama, na madaktari wanaojitolea muda wao kwenye bodi wanachoshwa nayo. Naielewa kero hiyo. Barua inayochelewa wiki mbili kwa Mwanasheria Mkuu inaweza kumchelewesha pia tapeli wa kweli anayestahili kuzuiwa leo. Kwa huyo ipo njia ya kwenda mahakamani kuomba zuio la dharura, na jaji akiona jeraha hakawii.

Bodi ya North Carolina haikutozwa faini. Agizo la Tume, lililobaki limesimama baada ya hukumu, liliizuia kutuma barua za kudai kwamba asiye daktari haruhusiwi kung'arisha meno. Liliitaka pia iwaandikie tena wote waliopata zile za kwanza, iwaeleze mipaka ya mamlaka yake, na iwaambie kwamba wana haki ya kwenda mahakama ya jimbo kuomba tamko la sheria inasemaje. Anwani zilezile, basi, na mtumaji yuleyule. Safari hii ndani ya bahasha kulikuwa na njia ya kufika kwa jaji, kwa watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kung'oa kiti, wakafunga taa kwenye boksi, wakarudisha ufunguo wa kibanda.